Wanaosubiri treni na kalamu mkononi

Jumapili moja, baada ya mazoezi ya kwaya, kijana mmoja alinionyesha video kwenye simu yake. Kijana Mzungu amesimama kando ya reli huko Uingereza, amefunga kamera kichwani ikimtazama usoni. Treni inakuja, dereva anapiga honi, na yule kijana anacheka kama mtu aliyeletewa habari kwamba mtoto amezaliwa salama. Treni inapita. Video imekwisha.

Kijana wetu akaniuliza, "Papa, huyu analipwa?"

Nikamwambia kwamba huyu anayejiita Francis Bourgeois amekuwa mtu mashuhuri, video zake zimetazamwa na mamilioni, kwa hiyo pengine anapata kitu. Lakini wapo maelfu wengine wasiopata hata senti moja. Wanasimama kwenye baridi na mvua, wanaandika nambari ya treni kwenye daftari, wanarudi nyumbani.

"Halafu?"

"Halafu kesho wanarudi tena."

Akatikisa kichwa. "Sisi hapa Kalemie tunasubiri treni ili tupande. Wao wanasubiri treni ili waiandike."

Maneno yake yalinikaa moyoni wiki nzima. Ni rahisi kuwacheka watu hao, na hata kwao Uingereza wanachekwa sana. Lakini jambo linalowashika watu wengi hivyo kwa zaidi ya miaka themanini haliwezi kuwa upuuzi mtupu. Nimeona nieleze kidogo linavyofanyika na utamu wake uko wapi.

Kuandika nambari na majina ya treni ni jambo la zamani. Mwaka 1861 msichana mmoja, Fanny Johnson, alikuwa na daftari la majina ya mashini za kampuni ya Great Western alizoziona zikipita Westbourne Park, London. (Ninaposema mashini nina maana ya kile kichwa cha treni kinachovuta mabehewa.) Naanza na msichana huyu kwa makusudi, kwa sababu baadaye watu walikuja kudhani kwamba hii ni burudani ya wavulana tu.

Aliyeifanya iwe burudani ya nchi nzima alikuwa karani kijana, jina lake Ian Allan. Mwaka 1942, katikati ya vita, alikuwa akifanya kazi katika ofisi ya kampuni ya reli ya Southern, kwenye stesheni ya Waterloo, London. Alikuwa amepoteza mguu kwa ajali akiwa na miaka 15. Moja ya kazi zake ilikuwa kujibu barua za watu waliouliza habari za mashini: hii ilijengwa lini, ile ina nambari gani, za namna ile ziko ngapi. Alichoka kujibu mambo yale yale kila siku, akapendekeza kwa wakubwa wake kwamba orodha yote ichapwe katika kitabu kidogo. Wakubwa hawakuona faida yake. Basi akakichapisha mwenyewe, nakala 2,000, bei shilingi moja. Ziliisha upesi. Akaandika kingine cha kampuni nyingine, na kingine, mpaka kazi hiyo ikawa ndiyo kazi ya maisha yake. Alifariki mwaka 2015.

Kitabu chenyewe hakikuwa na hadithi ndani yake. Kilikuwa na safu za nambari, ukurasa baada ya ukurasa. Mtoto anakwenda stesheni na kitabu, kalamu na kipande cha mkate. Mashini inapita, anasoma nambari iliyoandikwa ubavuni au mbele, anaiandika haraka kwenye daftari. Jioni nyumbani anachukua rula, anaitafuta ile nambari kitabuni, na kuipigia mstari. Mstari huo una maana moja tu: nimeiona kwa macho yangu. Kukiwa na mashini arobaini za aina moja na amekwisha kuona thelathini na nane, basi hizo mbili zilizobaki zitamnyima usingizi.

Mwaka 1944 yalitokea matatizo huko Tamworth, mahali ambapo njia mbili kubwa za reli zinakatana, na kwa hiyo watoto walikuwa wakikusanyika hapo wengi sana. Baadhi yao walivuka mipaka na kuingia kwenye reli, na jambo hilo likafika mbele ya sheria. Ian Allan alijibu kwa kuanzisha chama. Kila mwanachama aliahidi kutoingia mahali pasiporuhusiwa na kutosumbua kazi ya reli, akapewa beji. Chama hicho kilipata wanachama zaidi ya laki mbili. Kwa wale kati yetu wanaoongoza vijana, hiyo ni habari ya kufikiri: watoto walipewa beji, kanuni moja na heshima, na wengi wao wakatulia.

Sasa, nambari hizo zilikuwa zinasema nini? Tarehe 1 Januari 1948 serikali ya Uingereza ilizitwaa kampuni nne kubwa za reli na kuziunganisha kuwa British Railways. Mashini za mvuke zilikuwa kama 20,000, na nyingi ziligongana nambari, kwa sababu kila kampuni ilikuwa imehesabu zake peke yake. Ikaamuliwa hivi: za Great Western zibaki na nambari zake, za Southern ziongezewe 30000, za London, Midland and Scottish 40000, za London and North Eastern 60000. Mashini iitwayo Mallard, ambayo tarehe 3 Julai 1938 ilikimbia kilomita 203 kwa saa na kuweka rekodi ya dunia kwa mashini za mvuke, ilikuwa na nambari 22 wakati huo wa kuunganisha. Ikawa 60022.

Tangu hapo mtoto wa miaka kumi alipoona nambari ya tarakimu tano inayoanza na 6, alijua mashini hiyo imetoka katika ile kampuni ya mashariki. Akiiona mbali kabisa na kwao, alijiuliza: imefikaje huku? Nani ameituma? Inarudi lini? Nambari ilikuwa kama jina la ukoo. Sisi tunaujua mchezo huo vizuri. Ukimsikia mtu akitaja jina lake kamili, mara nyingi unajua kijiji chake, na kama kijiji kiko mbali unataka kujua ni safari gani iliyomleta hapa.

Hapo ndipo ninapoona mzizi wa kwanza wa utamu wenyewe. Reli ni jambo kubwa sana kuliko mtoto: chuma, moto, kelele, watu wengi, ratiba za nchi nzima. Lakini kwa kitabu cha shilingi moja jambo hilo kubwa linakuwa orodha, na orodha ina mwisho. Watoto wa wakati ule walikuwa wamekulia katika vita. Chakula kiligawiwa kwa kadi, baba wengi walikuwa mbali, nyumba zilibomolewa kwa mabomu. Katika maisha ambayo hakuna aliyejua kesho itakuwaje, hapa palikuwa na kitu ambacho mtu angeweza kukijua chote, mpaka nambari ya mwisho. Sidhani kwamba waliwaza hivyo wenyewe. Walikuwa watoto, walitaka kuona treni. Lakini nafikiri ndiyo sababu kitabu kiliuzwa kama maandazi mwaka 1942, na si miaka ishirini kabla.

Mzizi wa pili ni kwamba haidai mali. Mtoto wa tajiri na mtoto wa fundi wanasimama kwenye ukuta mmoja, na mashini inapopita inapita kwa wote wawili. Hakuna anayeinunua. Hakuna anayeipeleka nyumbani. Unakuwa nayo kwa sababu uliiona, na kwamba mwenzako ameiona pia hakukupunguzii kitu. Ni mali ngapi katika dunia hii zilizo hivyo?

Na hapo kuna jambo la ajabu. Hakuna anayekagua. Ukitaka, unaweza kukaa nyumbani na kupigia mstari kitabu kizima kwa dakika thelathini. Hakuna mwalimu wala mtihani, na hakuna zawadi. Lakini mtu akidanganya, amejiibia mwenyewe, kwa sababu mstari huo hauna thamani nyingine isipokuwa ukweli wake. Ndiyo maana mtazama treni wa kweli anaweza kukuambia kwa uchungu habari ya mashini iliyompita gizani mwaka 1957, tarakimu ya mwisho ikiwa imefunikwa na masizi, akashindwa kuamua kama ilikuwa 3 au 8, na mpaka leo hajaipigia mstari.

Kuna pia kusubiri. Watu wanaotazama kwa mbali huona kwamba sehemu kubwa ya burudani hii ni kukaa bila kitu. Ni kweli. Lakini wanaosubiri pamoja wanazungumza. Mkubwa anamfundisha mdogo kutofautisha mashini kwa sauti kabla haijaonekana: hii ina silinda mbili, ile ina tatu, sikiliza inavyopumua kwenye mlima. Watoto wa Goma na Bukavu wanaelewa hilo bila kuambiwa. Wanaijua mashua kwa mlio wa mota yake kabla haijajitokeza, na wanabishana, na mmoja anashinda. Wajapani wamelipeleka jambo hili mbali zaidi: kwao wapo wanaopenda kupiga picha treni, wapo wanaopenda kuzipanda tu, na wapo wanaorekodi sauti zake tu, na kila kundi lina jina lake.

Kwa kuwa tunaandika kwa wasomaji wa makanisa, siwezi kuwapita wachungaji wawili ambao bila wao habari hii haijakamilika.

Wa kwanza ni Wilbert Awdry, mchungaji wa Anglikana aliyezaliwa mwaka 1911. Baba yake alikuwa mchungaji pia, na aliipenda reli. Nyumba yao ilikuwa karibu na njia ya Great Western, na usiku mtoto Wilbert alilala akisikiliza mashini zikipanda mlima. Zilimsikikia kama zinazungumza. Wakati wa vita alikataa silaha kwa sababu ya imani yake, na msimamo huo ulimfanya apoteze nafasi ya kazi kanisani. Mtoto wake Christopher alipougua surua, baba alimsimulia hadithi za mashini zenye nyuso na hasira na wivu. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1945, na baada ya hapo akaandika vingine mpaka vikafika 26. Watoto wengi duniani, hata hapa kwetu wenye televisheni, wanamjua Thomas, ile mashini ndogo ya buluu, bila kujua kwamba ilitoka mkononi mwa mchungaji.

Awdry alikuwa mkali kuhusu ukweli wa reli hata katika hadithi za watoto, na aligombana na wachoraji waliokosea. Alipohitaji mahali pa hadithi zake alikumbuka kwamba askofu wa kisiwa cha Man anaitwa Askofu wa Sodor na Man. Kisiwa cha Man kipo. Kisiwa cha Sodor hakipo. Akaona kwamba askofu huyo amepungukiwa na kisiwa kimoja, akamtengenezea.

Wa pili ni Eric Treacy, na huyu ndiye ninayempenda zaidi. Alikuwa mchungaji huko Liverpool, eneo la Edge Hill, ambako reli na watu wa reli vilikuwa kila upande. Alianza kupiga picha za treni miaka ya 1930. Hakukaa mbali na kamera yake kama mtalii. Aliwajua madereva na wapiga makaa, alizungumza nao, aliwapelekea picha. Nao walipomwona amesimama mahali fulani mlimani na kamera, walijua wanachotakiwa kufanya, wakatoa moshi wa kutosha kwa picha nzuri. Baadaye akawa askofu, kwanza wa Pontefract, kisha wa Wakefield kuanzia mwaka 1968 mpaka 1976. Hakuacha kamera. Tarehe 13 Mei 1978, akiwa amestaafu, alikwenda stesheni ndogo ya Appleby, kaskazini mwa Uingereza, kungojea treni maalumu iliyokuwa ikivutwa na mashini ya mvuke iitwayo Evening Star. Akaanguka palepale stesheni na kufariki. Bamba la ukumbusho wake liko kwenye stesheni hiyo hadi leo, na picha zake, maelfu kwa maelfu, zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya reli huko York.

Mtu anaweza kuuliza: je, askofu hakuwa na kazi nyingine? Swali hilo ni halali. Burudani hii, kama mpira na kama simu, inaweza kumla mtu. Wapo wake waliobaki peke yao kila Jumamosi kwa miaka mingi, na watoto waliojua kwamba baba anakumbuka nambari elfu tano lakini amesahau siku yao ya kuzaliwa. Waingereza wana dhihaka yao kwa watu hao: wanawaita kwa jina la lile koti la mvua lenye kofia, anorak, walilokuwa wakivaa kwenye majukwaa. Ukiitwa hivyo, maana yake ni kwamba unajua mengi mno kuhusu jambo ambalo halimsaidii mtu. Nafikiri dhihaka hiyo ina nusu ya ukweli. Kwa Treacy, treni zilimpeleka kwa watu: madereva walimzoea mchungaji ambaye pengine wasingemfuata kanisani. Kwa mwingine treni zinamtoa kwa watu. Kalamu ni ile ile.

Msomaji wa hapa mashariki amekwisha kuwa na swali lingine, na ni swali zito zaidi. Mtu akisimama kwetu na daftari na kamera, akiandika nambari za vitu vinavyopita, atamaliza siku bila kukamatwa? Tunaijua hatari hiyo, na wala si kwetu tu. Mwezi wa Novemba 2001 Waingereza 12 na Waholanzi 2, watu wa burudani iliyo ndugu ya hii, yaani kuandika nambari za ndege, walikamatwa Ugiriki karibu na uwanja wa ndege za kijeshi wa Kalamata. Askari na mahakimu hawakuweza kuamini kwamba mtu mzima anaweza kutumia likizo yake kuandika nambari za ndege bila kutumwa na mtu. Walikaa gerezani wiki kadhaa. Mwezi wa Aprili 2002 mahakama iliwahukumu, wengine miaka mitatu. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo mahakama ya rufaa ikawaachilia wote.

Kesi hiyo inanifundisha jambo moja: furaha isiyo na faida ni ngumu kuithibitisha mbele ya hakimu. Kila mtu hutafuta aliyekutuma na anayekulipa, kama kijana wetu wa kwaya alivyouliza kwanza kabisa. Kwa hiyo vijana mnaosoma haya, msichukue makala hii kama ruhusa ya kupiga picha kwenye viwanja vya ndege, madaraja au vizuizi vya barabarani. Nchi yetu bado ina majeraha, na askari aliyechoka hawezi kukisia kwamba unapenda tu nambari.

Turudi Uingereza, kwa sababu yaliyofuata ndiyo yanayoonyesha madaftari yale yalikuwa na kazi gani.

Mwaka 1955 serikali iliamua kuacha mvuke na kutumia dizeli na umeme. Evening Star, mashini nambari 92220, ilikuwa ya mwisho kujengwa kwa British Railways, mwaka 1960, na baada ya miaka mitano tu ikaondolewa kazini. Tarehe 11 Agosti 1968 treni ya mwisho ya mvuke ya British Railways kwenye njia kuu ilitoka Liverpool kupitia Manchester mpaka Carlisle na kurudi. Watu walijaa kwenye madaraja na mashambani njia nzima. Wale watoto wa mwaka 1942 walikuwa sasa watu wazima wenye watoto, na kila nambari waliyoipigia mstari ilikuwa imekwenda kukatwa vyuma chakavu.

Wengine waliweka vitabu kabatini. Wengine hawakukubali. Tayari mwaka 1951, huko Wales, watu wa kujitolea walikuwa wameichukua reli ndogo ya Talyllyn iliyokuwa inakufa na kuiendesha wenyewe, ya kwanza duniani kuendeshwa hivyo. Mchungaji Awdry alikuwa mmoja wa waliokwenda kufanya kazi huko. Mjini Barry, pia huko Wales, mwenye yadi ya vyuma chakavu, Dai Woodham, alikuwa amenunua mashini za mvuke 297. Kwa kuwa alikuwa na mabehewa mengi ya kukata kwanza, aliziacha zikae. Zilikaa miaka, zikiota kutu kwenye hewa ya bahari. Watu wakaanza kuja na michango: kwaya ya watu wenye mishahara ya kawaida, huyu mwalimu, yule fundi bomba, wakinunua mashini moja kwa pamoja na kuitengeneza kwa miaka kumi au ishirini. Mashini 213 ziliokolewa kutoka yadi hiyo.

Aina moja haikupona hata mashini yake moja. Ziliitwa A1, zilikuwa 49, na zote zilikatwa. Mwaka 1990 kikundi cha watu kilianza kukusanya fedha ili kuijenga upya tangu msumari wa kwanza. Wengi walitoa kidogo kidogo kila mwezi. Ilichukua miaka 18. Mwaka 2008 mashini ilitoka karakana ya Darlington, ikapewa jina Tornado. Na nambari? Ile ya mwisho ya A1 za zamani ilikuwa 60162. Tornado wakaipa 60163. Wangeweza kuipa nambari yoyote, hata nambari moja. Lakini walikuwa watu wa orodha, na orodha ilikuwa na nafasi iliyofuata.

Nilimsimulia kijana wetu haya yote. Akasikiliza, kisha akauliza swali ambalo sikulitazamia: "Na treni zetu, nani ameziandika?"

Reli yetu ina historia ndefu. Njia ya Kisangani mpaka Ubundu ilifunguliwa mwaka 1906, ili kuyazunguka maporomoko ya mto. Reli kutoka Kabalo ilifika hapa Kalemie mwaka 1915, wakati wa vita vya kwanza. Kabalo iliunganishwa na Kamina mwaka 1956, na tangu hapo mtu aliweza kutoka ziwani mpaka Lubumbashi kwa reli. Babu zetu waliijenga kwa mikono, na wengi wao hawakuijenga kwa hiari. Kuna vitabu vinene vilivyoandikwa Ubelgiji kuhusu reli za wakati wa ukoloni, kazi ya watu wenye mapenzi yale yale ya nambari na picha. Nawashukuru kwa kuandika. Lakini vitabu hivyo haviko katika maktaba ya parokia yetu, na mambo yanayojulikana na waliozipanda na kuziendesha hayamo yote.

Tuna mzee mmoja kanisani, mashinisti aliyestaafu, anayekaa benchi la tatu upande wa dirisha. Jumapili iliyofuata nilimpeleka kijana kwake baada ya ibada. Kijana alimsalimu kwa mikono miwili, akamwomba, "Shikamoo Mzee. Tunaomba utuambie habari za njia ya Kabalo." Mzee alidhani tunataka kusafiri, akasema hajui kama kuna treni wiki hii. Tulipomweleza, alinyamaza kidogo, kisha akafumba macho na kuanza kuhesabu kwa vidole: mahali treni inapoanza kupanda, mahali pa maji, daraja ambapo lazima upunguze mwendo, Niemba, kona ambapo mama wauza ndizi walisimama, Nyunzu. Kilomita 273, naye alikuwa akizipita moja moja, akitaja mashini kwa nambari zake, ipi ilikuwa na nguvu na ipi ilikuwa na kiburi wakati wa mvua.

Kijana aliomba asubiri kidogo. Alikuwa anapekua mfuko wake wa vitabu vya nyimbo, akitafuta kalamu.